Mchanga wa Mazoezi

Binti wa kampuni ya safari alinipigia simu saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, nikiwa ofisi ya walimu na kikombe cha chai mkononi. Nilikuwa nimewaandikia wiki mbili kabla, kuuliza habari za safari ya siku saba ya kutembea kwa miguu kwenye pwani ya jangwa, kule Namibia. Alikuwa na sauti nzuri, ya mtu aliyefundishwa kuongea na wateja.

"Habari za asubuhi, mama. Nimeona ujumbe wako. Mgeni wako anatoka nchi gani?"

"Mgeni yupi?"

"Huyo anayetaka kwenda Namibia."

"Ni mimi. Natoka Shinyanga, hapa Kambarage."

"Hapana, mama, namaanisha yule anayesafiri mwenyewe. Wewe si ndiye unayemfanyia mipango?"

"Najifanyia mipango mwenyewe. Mimi na rafiki yangu, wanawake wawili."

Nikamsikia akiongea na mtu pembeni, kisha akarudi. "Sawa, mama. Ila hiyo ya kutembea huwa ni ya wageni. Wabongo hawaendagi huko. Tuna Dubai, siku tano, hoteli iko karibu kabisa na maduka. Kina mama wengi wanaipenda."

Nilikata simu. Sina tabia ya kumkatia mtu simu, na walimu wenzangu walioniona nikiiweka mezani kwa nguvu waliuliza kama nimepata msiba. Nikasema hapana. Mmoja akasema, "Basi ni mtu wa mikopo," wakacheka, wakaendelea na chai yao. Mimi yangu haikunyweka tena.

Wakati huo nilikuwa na miaka hamsini na minne, na kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo nimefundisha jiografia sekondari. Kila mwaka huwa ninafika kwenye somo la mikondo ya bahari. Ninachora ubaoni bara letu, upande wa magharibi ninaweka mshale wa mkondo wa maji baridi unaopanda kutoka kusini, na ninaeleza jinsi baridi ile inavyozuia mvua, hata jangwa likashuka likakutana na bahari bila kitu katikati. Ninawaambia kuhusu ukungu unaoingia alfajiri, na mbawakawa wanaokunywa matone ya ukungu yaliyokusanyika migongoni mwao, na meli zilizokwama mchangani mpaka zikaoza. Wanafunzi wa Shinyanga, ambao wengi wao hawajaona bahari yoyote, hukaa kimya kwenye somo hilo kuliko masomo mengine yote.

Mwaka juzi msichana mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono. Akauliza kwa Kiswahili, jambo ambalo kwa sheria ya shule ni kosa: "Madamu, wewe umefika?"

Nikasema sijafika. Akasema, "Ahaa," akakaa. Hakukusudia ubaya. Lakini ile "ahaa" nilirudi nayo nyumbani, nikapika nayo, nikalala nayo. Nikajaribu kuhesabu safari zangu zote za maisha. Nilikuta nimesafiri kwa msiba, kwa harusi, kwa kupeleka mgonjwa Bugando na kwa kusahihisha mitihani. Sijawahi hata siku moja kupanda basi kwenda mahali kwa sababu tu nataka kupaona. Na sikuwa nimekatazwa na mtu. Ndiyo maana hasira yangu ya kwanza kabisa katika habari hii niliielekeza kwangu mwenyewe.

Rafiki yangu ni nesi mstaafu anayeishi Mwadui, mjane, amenizidi miaka saba. Amezalisha wanawake kwa miaka mingi mpaka sokoni hawezi kununua nyanya bila kusalimiwa na mama fulani anayemwonyesha mtoto. Nilimweleza habari ya yule msichana tukiwa tumekaa uani kwake tunachambua mchicha. Nilidhani atanicheka. Akauliza, "Huko kuna watu wangapi?"

"Karibu hakuna mtu kabisa. Unaweza kutembea siku nzima ukaona bweha tu na sili."

"Sili ndio nini?"

"Mnyama wa baharini. Kama mbwa asiye na miguu."

Akachambua mchicha kidogo. "Miaka yote hiyo nimekaa chumbani nawaambia wanawake sukuma, sukuma. Nataka wiki moja niwe mahali ambapo hakuna mtu wa kuniita. Nitakwenda na wewe."

Ndivyo tulivyoanza. Nilichukua daftari jipya, nikachora pwani ile kwa mkono, nikaigawa siku saba. Tulijua hatuna fedha za kukodi magari ya fahari, na wala hatukuyataka, tulitaka kutembea. Kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa miguu. Nilisoma kwamba mtu anayejiandaa kutembea mchangani lazima azoee mzigo, nami nilikuwa na mchanga uliobaki nilipojenga choo, umerundikwa nyuma ya nyumba. Nikaujaza kwenye mifuko ya unga, kilo nane kwangu na sita kwa nesi, tukaitia kwenye mabegi ya mgongoni. Kila Jumamosi alfajiri nilishika barabara ya kwenda Mwadui, naye akashika barabara ya kuja Shinyanga, tukakutana njiani.

Sikujua kwamba mwanamke anayetembea ni tatizo la taifa. Bodaboda zilisimama. "Mama, umeachwa na gari?" "Mama, panda nikusogeze." Nikasema natembea tu. "Unatembea kwenda wapi?" Siendi popote, natembea. Hapo mtu ananikodolea macho, anawasha pikipiki yake, anageuka nyuma mara mbili tatu kuniangalia. Na mbele yangu, kwenye barabara hiyohiyo, wanapita wanawake wana ndoo za maji kichwani na kuni mgongoni, na watoto juu ya kuni, wametembea mbali kuliko mimi, na hakuna hata mmoja anayesimamishiwa pikipiki. Nilipokutana na nesi njiani nilikuwa nimejaa hasira. Yeye aliwaambia wote kwamba daktari amemwandikia. "Sema daktari," alinishauri. "Ukisema daktari wanakuacha." Nikakataa. Kwa nini nimsingizie daktari?

Likizo ya Pasaka tulikwenda Runzewe, kwa mdogo wangu. Ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, na ana mashine yake ya kusaga mawe, karasha. Ni ndugu yangu pekee. Mama yetu alifariki mimi nikiwa kidato cha nne na yeye hajaanza shule, baba alikuwa ametangulia, na mimi ndiye niliyemlea. Sikuolewa, sikuzaa, nilikuwa na yeye. Nilimpenda sana na bado nampenda, na hili nalisema kabla sijaeleza alichofanya.

Siku ya kwanza mezani tulimweleza safari yetu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa dhati kabisa, "Huo mchanga una nini ndani?"

"Hauna kitu. Ni mchanga."

"Dada. Unavuka nchi tatu kwenda kuangalia mchanga usio na dhahabu?"

Mkewe alicheka, nesi akacheka, na mimi nikacheka pia. Sikuona ubaya. Huku watu wanaangalia ardhi kwa jicho hilo, nami nimezaliwa humohumo.

Kesho yake asubuhi tulitoka na mabegi yetu kwenda kwenye vilima vya nyuma ya mji. Njia ile inapita karibu na eneo ambapo tajiri mmoja anachenjua marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa mara moja, ambao bado una dhahabu kidogo ndani yake. Lina uzio wa mabati. Tulikuwa tumeupita uzio huo hatua kama hamsini tuliposikia, "Simama hapo!"

Walikuja walinzi wawili wenye virungu. Nesi, kwa mazoea ya kazi yake, aliwasalimia kwa heshima, kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Hawakuitikia.

"Mabegi yana nini?"

"Mchanga," nikasema.

Wakatazamana. Ninakiri kwamba hapo ningeweza kujibu kwa akili zaidi. Lakini nilikuwa nimeulizwa swali na nikasema kweli.

"Mchanga mnapeleka wapi?"

"Hatuupeleki popote. Tunafanya mazoezi."

"Mama, usitufanye watoto. Mtu anabeba mchanga mgongoni bila sababu? Haya ni marudio ya bosi."

Walitupeleka ndani ya uzio. Wakamwaga mchanga wetu wote juu ya turubai, mchanga wangu wa Kambarage, uliobaki kwenye ujenzi wa choo changu, na akaja msimamizi na karai na maji, akaanza kuuosha. Aliuosha taratibu, anazungusha karai, anamwaga maji, anainama kuangalia. Nilimwambia mimi ni mwalimu. Akasema hata walimu wanaiba. Nesi akamwambia, "Kijana, nimezalisha watoto wa umri wako, tuheshimiane." Akasema, "Kaa chini, mama." Tukakaa kwenye magunia, juani, mpaka karibu saa sita. Aliosha kilo zote kumi na nne. Hakupata kitu, na kutopata kitu kukamfanya azidi kutushuku, kwa sababu sasa hakuelewa kabisa tulikuwa tunaiba nini.

Nilimpigia mdogo wangu simu, akaja na gari. Nilipomwona akishuka, nilianza kukunja mfuko wangu mtupu. Nikajua yamekwisha. Alisalimiana na msimamizi kwa kupeana mikono, wakaitana kaka, wakacheka kidogo. Kisha akamshika bega, akamvuta pembeni, lakini si mbali vya kutosha.

"Samahani sana, kaka. Yule ni dada yangu. Amekaa peke yake muda mrefu, hana mume, hana mtoto, saa nyingine mawazo yanamzidi. Na mwenzake yule ni mjane. Unajua tena."

Msimamizi akageuka kunitazama. Uso wake wote ukabadilika, ukawa laini. Akaja mpaka nilipokaa, akainama. "Pole sana, mama," akasema.

Virungu vyao niliweza kuvivumilia. Karai niliweza kulivumilia. Ile "pole" mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto. Nilitaka kusimama nimwambie kwamba nina shahada, kwamba nimefundisha maelfu, na akili zangu ni timamu kuliko zake yeye aliyeosha mchanga wa choo asubuhi nzima. Lakini mdogo wangu alikuwa amekwisha kunishika mkono, ananiongoza kwenye gari kama mgonjwa, na mimi, kwa aibu yangu, nilimfuata.

Ndani ya gari nikamwambia, "Umewaambia mimi ni kichaa."

"Nimewaambia kitu wanachoweza kukielewa."

"Ungewaambia nafanya mazoezi."

"Dada, ningewaambia unafanya mazoezi ya kwenda kutembea jangwani, wangenifunga na mimi."

Kwenye kiti cha nyuma nesi alicheka. Nikamgeukia. Akaziba mdomo kwa kitenge, lakini mabega yake yaliendelea kutikisika, na kwa dakika kadhaa nilimchukia hata yeye.

"Ulipokuwa na surua," nikamwambia mdogo wangu, "nilikubeba mgongoni mpaka zahanati, asubuhi mpaka mchana. Ulikuwa mzito kuliko kilo nane. Hakuna mtu aliyenisimamisha kuniuliza nimebeba nini na kwa nini. Hakuna aliyesema mawazo yamenizidi. Leo nimejibebea kitu changu mwenyewe siku moja tu, na wewe ndiye unayeomba samahani kwa niaba yangu?"

Aliendelea kuendesha, macho barabarani. Tulipofika kwake nilikusanya nguo zangu. Mkewe alinisihi tule kwanza, chakula kiko tayari. Nikamshukuru, "Wabeja, mayu," tukaenda stendi, tukapanda basi la mchana. Mdogo wangu hakutoka ndani kutuaga.

Mimi na yeye hatukuzungumza kwa wiki saba.

Katika wiki hizo nilipanga safari kama mtu anayejenga nyumba kwa kumkomoa jirani. Niliachana na makampuni. Nilitafuta mwenyewe mpaka nikampata mwanamke mmoja anayeongoza watembeaji kwenye pwani ile, nikamwandikia kwa Kiingereza changu cha darasani, nikaeleza sisi ni nani na umri wetu, bila kuficha. Alijibu siku iliyofuata. Aliuliza tunaweza kutembea saa ngapi kwa siku na mzigo wa kilo ngapi. Aliuliza magoti yakoje. Akataka kujua kama tumewahi kuwa kwenye ukungu mzito, kwa sababu wapo watu wanaoingiwa na hofu wasipoona mbele. Niliyasoma maswali hayo nimesimama jikoni, na machozi yakanitoka, maana yalikuwa maswali ya mtu anayejua kwamba nitakwenda.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mwadui na daftari. Tukaupanga mpango upya kwa maelekezo ya huyo kiongozi. Siku mbili za kwanza tungetembea kwenye mchanga mgumu wa pembeni mwa maji, tuzoee. Siku ya tatu tungekatiza kuingia ndani, kwenye mto mkavu, ambako tembo hupita wakitafuta maji chini ya mchanga. Siku ya nne tungepanda matuta makubwa. Hapo nesi akagoma.

"Siku ya nne ni ya kupumzika."

"Kiongozi amesema ya tano."

"Kiongozi hana miaka sitini na moja. Mimi najua mwili unachoka siku gani. Andika ya nne."

Nikaandika ya nne. Tulibishana pia kuhusu dawa, kwa sababu alitaka kubeba zahanati nzima, na kuhusu nguo. Hakuamini kwamba jangwani kunaweza kuwa na baridi. Nilimchorea mkondo wa bahari kwenye karatasi kama ninavyowachorea wanafunzi. Aliuangalia mshale wangu kwa muda. "Kwa hiyo bahari yenyewe ndiyo inayonyima mvua," akasema. "Ubaya huo." Akaenda kutafuta sweta.

Kisha ikaja fomu. Kiongozi alitaka kila mmoja aandike jina la mtu wa kupigiwa simu tukipata matatizo. Mimi nikamwandika nesi, nesi akaniandika mimi. Fomu zikarudi na ujumbe mfupi: ninyi mtakuwa pamoja, nipeni mtu atakayekuwa nyumbani. Nesi akamwandika binti yake. Mimi nilikaa na fomu siku tatu. Nilifikiria mkuu wa shule. Nilimfikiria katekista wa kigangoni kwetu. Mwisho nikapiga simu Runzewe.

Alipokea haraka, kabla haijaita mara ya pili. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nahitaji mtu wa kupigiwa simu nikipotea jangwani. Naandika namba yako."

Nikasikia karasha likiunguruma nyuma yake, kisha sauti ikapungua. Alikuwa ameondoka pale.

"Simba wapo huko?"

"Wachache. Wanakaa mbali."

"Maji ya kunywa?"

"Tunabeba. Gari linatupelekea mengine kila jioni."

"Mzigo wote kilo ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mlivyokuwa mmebeba mchanga siku ile, mlikosea," akasema. "Mliuweka chini ya begi. Unavuta kiuno. Kizito kinakaa juu, katikati ya mabega, begi linabana mgongo. Vijana wanaopandisha mawe kutoka duarani, kule chini shimoni, wanafunga hivyo. Ukiweka chini, siku ya tatu huinuki."

Nikaandika. Akaeleza na jinsi ya kufunga mikanda ya kifuani, na kwamba soksi zivaliwe mbili, ya ndani nyembamba. Alizungumza kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuzungumza nami kuhusu jambo lolote lisilo la dhahabu. Samahani hakusema. Nami nilingoja. Aliponiuliza kama kuna jingine, nikasema hakuna, tukaagana. Sikumsamehe siku ile. Lakini nililipanga begi upya kama alivyosema, na kweli kiuno kiliacha kuuma.

Tuliondoka wiki ya kwanza ya likizo ya Juni. Tulilala mji mmoja mdogo wa pwani ya Namibia, na asubuhi kiongozi wetu, mwanamke mwembamba mwenye ngozi iliyochomwa na upepo, akatupeleka kwa gari mpaka mahali ambapo barabara inaishia. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba bahari tuliisikia tu. Nesi alikuwa amevaa sweta mbili na kitenge juu yake. Kundi letu lilikuwa la watu watano, sisi wawili na wazungu watatu, mmoja wao mzee wa miaka sabini na kitu, ana fimbo mbili za kutembelea na goti limefungwa bandeji. Alikuja peke yake. Mke wake hakupenda mchanga, alisema.

Wakati tunafunga viatu nilimwuliza, kwa Kiingereza changu, nyumbani kwao walisema nini alipowaambia anakuja huku.

Alinitazama. Hakuelewa swali. Nikamwuliza tena, polepole: watoto wako, majirani, watu wa kwenu, walisema nini?

"Walisema safari njema," akajibu. "Wangesema nini kingine?"

Nilikaza kamba ya kiatu mpaka ikanikata vidole. Kiongozi akaita, nesi akasimama, akatia begi mgongoni na kulivuta juu, tukaanza kutembea.